Mwezi Gisabo, Mkwawa, Kimathi na Machel: Ni Nani Aliyewalisha Wapiganaji Wao?

Katika mabwalo ya askari, jioni, baada ya silaha kusafishwa na kurejeshwa ghalani, huzuka mabishano ambayo hayajapata kumalizika. Huyu humtaja Mkwawa wa Uhehe, yule humtaja Dedan Kimathi wa Kenya; wa tatu, ambaye amesoma kuliko wenzake, humtaja Samora Machel. Na hapa kwetu, katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba wote hao hawafui dafu mbele ya Mwami Mwezi Gisabo. Kila mmoja ana kipimo chake. Wapo wanaohesabu adui waliouawa, wapo wanaohesabu bunduki zilizotekwa, na wapo wanaohesabu miaka ambayo kiongozi alikaa porini bila ya kukamatwa.

Vipimo hivyo si vibaya, lakini havitoshi. Vita vya msituni ni vita vya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Mnyonge hana kiwanda cha risasi, hana hospitali, hana meli wala reli. Alicho nacho ni ardhi anayoijua na watu wanaomjua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, swali la kwanza ambalo mwanajeshi hana budi kuuliza juu ya kiongozi wa vita hivyo si kwamba aliua wangapi, bali ni nani aliyekuwa akiwalisha wapiganaji wake. Anayemletea mpiganaji unga usiku ndiye anayejua mahali anapolala. Mkono unaolisha ndio huo huo unaoweza kumwonyesha adui njia.

Mwami asiyeonekana

Na tuanze nyumbani. Mwezi Gisabo aliitawala Burundi kwa zaidi ya nusu karne, hata alipofariki mwaka 1908. Kabla ya Mzungu kufika, mwambao huu ulikuwa umekwisha kumpata adui mwingine, naye ni Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao yake Ujiji. Watu wa Rumaliza walikuwa na bunduki, nao walijiimarisha kando ya ziwa. Lakini walipojaribu kupanda milimani walirudishwa chini na majeshi ya Mwami yenye mikuki na pinde. Adui mwenye bunduki ni hodari ufukoni na uwandani. Mlimani, penye migomba na ukungu, uhodari wake hupungua.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, Mwami alikuwa amekwisha kulijua jambo hilo. Hakuwa na mji mkuu mmoja ambao ungeweza kuzingirwa na kupigwa mizinga. Alikuwa na makao mengi katika milima ya Muramvya, naye alihama kutoka boma moja hadi jingine. Hakutaka kuonana uso kwa uso na maafisa wa Kijerumani. Kikosi kilichopanda kumtafuta kilikuta nyumba tupu, na wenyeji ambao ghafla walikuwa hawajui lolote. Alilishwa na nani? Alilishwa na nchi yenyewe. Kila kilima kilikuwa na mtware wake, na kila mtware alidaiwa mtama, maharage, pombe na ng'ombe kwa ajili ya makao ya kifalme. Utaratibu wa kodi wa wakati wa amani uligeuka kuwa utaratibu wa ugavi wa wakati wa vita, bila ya mtu yeyote kuhitaji kuandika amri mpya. Maafisa wa ugavi watanielewa nikisema kwamba hiyo ni neema kubwa kuliko bunduki mia.

Udhaifu wake ulitoka ndani. Maconco, ambaye alikuwa mkwe wake, alikuwa ameasi. Na huko kaskazini-magharibi alikuwako Kilima, ambaye naye hakutaka kuutambua ufalme wa Mwezi. Mwaka 1903 Kapteni Robert von Beringe aliwatumia wote wawili. (Huyu Beringe ndiye aliyempiga risasi gorila wa milimani mwaka 1902, na wataalamu wa wanyama wakampa gorila huyo jina lake, heshima ya ajabu kumpa muuaji.) Sasa Mjerumani alikuwa na watu waliozijua njia, waliojua boma lipi lina watu na lipi ni tupu. Makao ya Mwami yalichomwa moto. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi Gisabo alikubali masharti: kuyatambua mamlaka ya Wajerumani, kuwaachia Maconco na Kilima maeneo yao, na kulipa faini ya ng'ombe 424.

Hapa ndipo sauti hupanda katika mabwalo yetu. Wapo wanaosema kwamba mfalme aliyetia mkono wake katika mkataba kama ule hawezi kuhesabiwa miongoni mwa mashujaa. Mimi sikubaliani nao. Mwezi aliona kwamba mikono iliyokuwa ikimlisha imegawanyika, na kwamba kuendelea na vita katika hali ile kungekuwa ni kuwindwa tu kilima kwa kilima. Alinunua muda. Na muda huo ulimlipa mapema kuliko yeyote alivyotazamia. Gavana von Götzen, aliyekuwa Dar es Salaam, alitaka kuitawala Burundi kwa kumtumia mfalme, wala hakufurahishwa na afisa aliyeuvunja ufalme vipande. Beringe aliondolewa. Kapteni von Grawert, aliyemfuata, alianza kumwinua Mwami. Mwaka 1905 Maconco aliuawa na Wajerumani wale wale aliokuwa amewaongoza. Mwezi Gisabo alikufa akiwa bado mfalme, na mwanawe Mutaga akakikalia kiti chake. Lakini tusisahau kwamba ng'ombe wale 424 hawakushuka kutoka mbinguni. Walitoka katika mazizi ya nchi, na wenye mazizi hayo hawakuulizwa.

Lugalo na baada ya Lugalo

Mkwawa ni mtu wa namna nyingine kabisa. Alfajiri ya tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, watu wake walijilaza majanini pembeni mwa njia, wakakiacha kikosi cha Emil von Zelewski kiingie chote katika mtego, ndipo wakainuka na mikuki. Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliuawa pamoja na Wazungu wengine tisa na mamia ya askari na wapagazi. Shambulio lilikuwa la dakika chache. Bunduki zipatazo 300 zilitekwa. Sijui kama kuna afisa mwanafunzi katika eneo letu hili asiyepaswa kuisoma Lugalo: ukimya, subira, kishindo kimoja, na adui kutopata nafasi ya kufunga safu yake wala kuzipanga bombomu zake.

Yafaa hapa nitaje jambo ambalo sisi tuvaao sare hatuna ruhusa ya kuliruka. Waliokufa Lugalo upande wa Mjerumani, kwa wingi wao, walikuwa Waafrika: Wasudani walioandikishwa Misri, na watu waliotoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Ukoloni ulikuja na maafisa wachache. Mikono iliyobeba bunduki zake ilikuwa mikono yetu. Hata Burundi haikuingiliwa namna nyingine.

Baada ya Lugalo, Mkwawa alifanya kosa ambalo Mwezi Gisabo hakulifanya. Alijiegemeza juu ya ngome. Kuta za Kalenga zilikuwa fahari ya Uhehe, na kuta hizo ndizo zilizompa Mjerumani kitu cha kulenga. Mwindaji hapendi kitu kama windo linalokaa mahali pamoja. Tarehe 30 Oktoba 1894 von Schele aliivamia Kalenga, akaichukua pamoja na baruti na pembe zilizokuwamo. Mkwawa mwenyewe aliponyoka, na hapo ndipo vita vyake vya msituni hasa vilipoanza.

Vilidumu karibu miaka minne. Wananchi walimlisha, nao walilipa kwa damu. Wajerumani, chini ya Kapteni Tom von Prince aliyejenga kituo cha Iringa mwaka 1896, walielewa upesi kwamba hawawezi kumkamata mtu ambaye kila kaya inamwekea chakula. Kwa hiyo wakakiwinda chakula chenyewe. Doria zilichukua nafaka na mifugo, watu waliodhaniwa kumsaidia waliadhibiwa, na sehemu nzima za nchi zikabaki bila ya watu. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896, kisha wakamuua mapema mwaka 1897 kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Merere wa Usangu, jirani na hasimu wa zamani, alikuwa upande wa Mjerumani. Zawadi ya rupia 5,000 iliwekwa juu ya kichwa cha Mkwawa. Mwishowe yule aliyekuwa na maelfu ya mikuki alibaki na vijana wachache tu, naye akiwa mgonjwa. Tarehe 19 Julai 1898, doria ilipokuwa ikikaribia, alijipiga risasi mwenyewe. Wakamkata kichwa. Fuvu lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, na aliyelipokea alikuwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi.

Ni nani basi mkubwa, yeye au Mwezi? Kwa ushujaa wa siku moja ya vita, hapana aliyemfikia Mkwawa. Kwa akili ya kuuhifadhi ufalme, Mwezi alimpita mbali. Lakini mimi huona kwamba swali zito zaidi liko nje ya watu hao wawili. Tazama miaka: Isike wa Unyanyembe aliangushwa Tabora Januari 1893, Kalenga ilianguka 1894, Mwezi alifikishwa Kiganda 1903, na watu wa kusini mwa Tanganyika waliinuka 1905. Adui alikuwa mmoja, mwenye maafisa wachache, na mara nyingine ni afisa yule yule: Tom von Prince aliyeivunja ngome ya Isike ndiye huyo huyo aliyemwinda Mkwawa. Laiti wote wangaliinuka katika msimu mmoja, Mjerumani angalikosa askari wa kutosha kulinda hata vituo vyake vya pwani. Kila mmoja alipigana peke yake, naye alishindwa peke yake.

Maji, na ziwa letu

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyelijaribu lile ambalo wafalme hawakulifanya. Kwa maji yake aliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwa na mfalme mmoja. Alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na bado vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1907. Huo ndio ushahidi kwamba alijenga kitu kilichoweza kusimama bila yeye. Mkwawa alipokufa, vita vyake vilikufa siku ile ile.

Lakini maji hayakuzuia risasi, na Mjerumani alirudia mbinu yake ya Uhehe kwa ukatili zaidi: alichoma mashamba na maghala, akaiachia njaa imalize kazi. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Mawazo hayo ya dawa inayozuia risasi hayakuishia Ngarambe. Mwaka 1965, ng'ambo ya ziwa letu, katika milima ya Fizi ambayo mlinzi wa Nyanza-Lac huiona siku zisizo na ukungu, Ernesto Che Guevara na Wacuba zaidi ya 100 waliwakuta wapiganaji wa Kikongo wanaoitegemea dawa kuliko kuchimba mahandaki. Vita vile havikuwa dhidi ya mkoloni kwa maana halisi, bali dhidi ya serikali ya Leopoldville na mamluki wake, kwa hiyo sitavitia katika mizani hii. Navitaja kwa sababu Che, mwalimu wa vita vya msituni aliyesomwa dunia nzima, aliingia na kutoka kwa njia ya ziwa hili, kutoka Kigoma mwezi Aprili na kurudi Kigoma mwezi Novemba, naye mwenyewe aliihesabu safari ile kuwa ya kushindwa. Elimu ya vitabuni haikumpa kitu ambacho kila mvuvi wa Baraka alikuwa nacho, yaani kujulikana na watu wa pale.

Handaki la Mlima Kenya

Kimathi alizaliwa mwaka 1920 katika wilaya ya Nyeri. Aliandikishwa jeshini mwaka 1941, akatolewa baada ya muda mfupi; baadaye alikuwa mwalimu. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, aliingia msitu wa Nyandarua. Wenzake wawili walikuwa wanajeshi kuliko yeye: Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, na Stanley Mathenge, wote wawili walipigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Kimathi alikuwa na kalamu. Aliandika barua, aliweka kumbukumbu, na mapema mwaka 1954 alisimamia kuundwa kwa Bunge la Kenya msituni. Bunduki nyingi za watu wake zilitengenezwa huko huko kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira, na mara nyingine zilimdhuru mpigaji kuliko mpigwaji.

Waliowalisha walikuwa akina mama wa vijiji vilivyopakana na msitu. Usiku walipeleka viazi, unga, dawa na habari. Mwingereza alipoligundua hilo aliacha kuupiga mabomu msitu peke yake, akaanza kuwahamisha wananchi. Kuanzia katikati ya 1954 watu wapatao milioni moja walikusanywa katika vijiji vyenye boma, walinzi na saa za kutotoka. Handaki refu lenye miba lilichimbwa pembezoni mwa msitu, tena kwa jasho la akina mama wale wale waliokuwa wakiwalisha wapiganaji. Nimekwisha kusoma juu ya silaha nyingi zilizotumika Kenya, na sioni hata moja iliyoumiza kama handaki lile.

Msituni njaa ilileta mfarakano. Jenerali China alikuwa amekwisha kukamatwa Januari 1954. Kimathi na Mathenge waligombana, wasomi upande huu na wasiosoma upande ule. Mathenge alitoweka mwaka 1955, ikasemwa kwamba ameelekea Ethiopia. Wapiganaji waliosalimu amri walirudishwa msituni kuwawinda wenzao, kwani wao walizijua ishara, njia na mashimo ya kuwekea chakula. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi ya askari wa akiba wa Kiafrika, mahali ambapo msitu unakutana na mashamba. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakuwa na mpaka wa kuvuka, hakuwa na nchi huru jirani ya kumsaidia, hakuletewa risasi hata moja kutoka nje. Anayemlaumu kwa kushindwa na ayakumbuke hayo kwanza.

Nachingwea

Samora Machel alikuwa mwuguzi. Alipata mafunzo ya kijeshi Algeria, na baada ya kuuawa kwa Filipe Samuel Magaia mwaka 1966 alikabidhiwa uongozi wa jeshi la FRELIMO. Vita vya Msumbiji vilikuwa vimeanza tarehe 25 Septemba 1964 huko kaskazini, katika Cabo Delgado. Ukiutazama mwaka ule wa 1964 utaona tofauti yote iliyopo kati yake na wale watatu wa kwanza: nyuma ya mgongo wa Machel ilikuwako Tanzania, nchi huru, yenye kambi ya Nachingwea, hospitali, bandari ya kupokelea silaha, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na ofisi yake Dar es Salaam. Mkwawa angalimpata jirani wa namna hiyo mahali pa Merere, pengine tungalisoma historia nyingine.

Lakini haifai kusema kwamba Tanzania ilimfanyia Machel kila kitu. Chakula cha mpiganaji aliye safari ya wiki nzima ndani ya msitu hakitoki Nachingwea. Katika maeneo yaliyokombolewa wapiganaji walilima mashamba pamoja na wananchi, walifungua shule na zahanati, na kuanzia mwaka 1967 wanawake walikuwa na kikosi chao, kilichobeba mizigo, kilichofundisha na kilichopigana. Mpiganaji aliyemnyang'anya mkulima kuku alihesabiwa mkosaji. Kwa maneno mengine, yale ambayo kwa Kimathi yalikuwa hisani ya usiku, kwa Machel yalikuwa utaratibu wa mchana.

Mtihani wake ulikuja mara mbili. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Mwaka uliofuata Jenerali Kaúlza de Arriaga alikusanya askari wapatao 35,000, wenye ndege na mizinga, ili kuzifagia kambi za Cabo Delgado. Kwa kifo cha Mondlane chama kilitikisika lakini hakikuvunjika, na mwaka 1970 Machel akawa rais wake. Na kwa lile jeshi la Arriaga alijibu kama ambavyo Mwezi Gisabo angalijibu: aliziacha kambi zichukuliwe zikiwa tupu, akaupeleka uzito wa vita Tete, mamia ya kilomita magharibi, na kutoka huko wapiganaji wake wakauvuka mto Zambezi kuelekea kusini. Mreno alibaki ameshikilia maboma yasiyo na mtu.

Tarehe 25 Aprili 1974 maafisa wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau, waliipindua serikali yao wenyewe huko Lisbon. Mwezi Mei 1975 Machel aliuvuka mto Ruvuma kutoka Tanzania, akaanza safari ya kuelekea mji mkuu kupitia majimbo yote. Ilimchukua mwezi mzima. Kila mahali aliposimama alilakiwa na watu waliokuwa wamewalisha wapiganaji wake kwa miaka kumi, na wengi wao walikuwa hawajapata kumwona kwa macho.